Kutoka Kibaoni hadi Mang'ula na kurudi: mzunguko wa baiskeli kandokando ya msitu

Kibaoni ni kata ya mji wa Ifakara, upande wa kaskazini, pale ambapo anayetoka Mikumi na Kidatu huanza kuona nyumba zinasogeleana kabla hajaingia mjini penyewe. Jina hili limezagaa Tanzania nzima. Panawekwa kibao cha kuonyesha njia, watu wanajenga, kibao kinaoza, jina linabaki. Kuna Kibaoni ya Katavi, nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, na ukiuliza kwenye basi "Kibaoni ipi?" utakuwa umeuliza swali la maana. Inayohusika hapa ni ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, na mzunguko unaoelezwa unaanzia hapo, unapanda kaskazini kwa lami ukiwa na milima ya Udzungwa mkono wa kushoto, unafika lango la hifadhi ya taifa huko Mang'ula, kisha unarudi kwa njia za vijijini upande wa mashambani. Kwenda ni kilometa 40 na ushee. Kwenda na kurudi, pamoja na kupindapinda, ni kati ya 85 na 90.

Mzunguko huu haujachorwa kwenye ramani ya utalii wala kusimikiwa nguzo za kumwelekeza mgeni. Ni njia za kazi zilizounganishwa: barabara ya magari, njia za wakulima wa mpunga, vichochoro vya wanaokwenda kisimani, na njia zilizoshindiliwa na magurudumu ya wabeba mizigo. Mwendesha baiskeli wa starehe anapita palepale wanapopita wengine na gunia.

Niseme mapema kwa nini nauita mzunguko wa ugumu wa wastani. Kwa mtu aliyezoea Lushoto au Mbeya, neno hilo humaanisha mlima kidogo. Hapa mlima haupo. Sakafu ya bonde iko kati ya meta 250 na 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka Kibaoni hadi Mang'ula unavuka mabonde madogo ya mito tu, ukishuka darajani na kupanda tena kabla hujahema. Ugumu unatoka kwingine. Wa kwanza ni joto lenye unyevu, ambalo kuanzia saa nne asubuhi hulowesha shati hata umesimama. Wa pili ni ardhi yenyewe pindi unapoiacha lami. Wa tatu ni msimu, na huo ndio unaoamua kama safari ni ya siku moja, ya siku mbili, au ya kuahirisha. Kijana mwenye baiskeli ya gia na miguu iliyozoea atamaliza kwa siku moja ya kiangazi. Wengine tulale Mang'ula.

Baiskeli ya bonde hili inastahili maelezo yake. Ile inayoonekana kila kona ni ya chuma kizito, isiyo na gia, ya mtindo wa Phoenix ya China au wa zile za India. Nchi yetu nayo iliwahi kuunda ya kwake, Swala, kiwandani Dar es Salaam. Baiskeli inapotoka dukani huwa haijakamilika bado. Mnunuzi huipeleka kwa fundi, keria ya nyuma inachomelewa vyuma vya ziada, spoki zinakazwa, stendi inabadilishwa kwa ile pana ya miguu miwili ili baiskeli isimame na mzigo bila kuegemezwa. Baada ya hapo inabeba gunia la mpunga, ndoo za maji, tenga la kuku, mkaa uliorundikwa hadi kumzidi kimo anayeusukuma, mgonjwa aliyefungwa kanga asidondoke. Kwa mzunguko wetu baiskeli ya namna hii inatosha kabisa, ila haina haraka, na kwenye upepo wa kichwa utajua uzito wake.

Ifakara ina sifa moja ambayo mgeni kutoka Pwani huigundua ndani ya saa ya kwanza: wanawake wanaendesha. Bibi mwenye kanga mbili, mwanafunzi wa sekondari, muuguzi anayewahi zamu, mama mwenye mtoto mgongoni na dumu kwenye keria. Ziko sehemu za nchi ambapo mwanamke juu ya baiskeli bado hugeuziwa shingo. Hapa atakayegeuziwa shingo ni mgeni aliyevaa kofia ngumu na kaptura ya kubana.

Hesabu ya kuondoka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai na vitumbua vikiwa vimeshaliwa. Vitumbua vya hapa ni vya mchele wa hapahapa, na mchele wa Kilombero hauhitaji kupigiwa debe na mtu kama mimi. Lami unayoikanyaga ni ngeni. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9, ilikuwa kwa miaka mingi ya vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika, na ujenzi wake ulichukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Kwa mpanda baiskeli lami ni neema yenye masharti. Magurudumu yanateleza bila kelele, lakini malori na mabasi nayo yameongeza kasi. Kaa kwenye bega la barabara, na ukisikia honi ndefu nyuma yako usibishane nayo.

Kilometa za kwanza zinapita Kikwawila na Lungongole. Mazingira hapa ni ya mchanganyiko: mashamba ya mpunga na mahindi, migomba, miembe mikubwa inayoonyesha palipokuwa na mji wa mtu zamani, na hapo kushoto vilima vyenye kijani kilichokolea. Vilima hivyo ni msitu wa hifadhi wa Nyanganje, mkia wa Udzungwa uliochomoza kuja bondeni. Nyanganje si mkubwa, lakini mahali ulipo panaupa uzito. Tembo waliokuwa wakitoka milimani kwenda mbuga za mashariki, ile Selous ya zamani ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, walikuwa na mapito machache ya kuvuka bonde, na mojawapo lilipita upande huu. Mashamba na makazi yameyabana mapito hayo mwaka hadi mwaka. Anayepita leo kwa baiskeli anaona mpunga kulia, msitu kushoto, na katikati lami. Tembo naye akisimama ukingoni anaona vitu hivyo hivyo.

Baada ya Kiberege, penye gereza lenye mashamba yake, na baadaye Kisawasawa, milima inasogea. Hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote, na ningeshauri mtu apunguze mwendo. Udzungwa haina vilima vya kukuandaa taratibu. Inatoka bondeni na kupanda kama ukuta. Kwenye kilele cha Luhombero inafika meta 2,576, na sifa inayowavuta wanasayansi ni kwamba kwenye mteremko huu wa mashariki msitu unaendelea bila kukatika kutoka tambarare ya chini, kwenye meta 250 hivi, hadi juu zaidi ya meta 2,000. Afrika Mashariki imebakiwa na sehemu chache sana za namna hiyo, kwa kuwa msitu wa chini ndio wa kwanza kulimwa. Asubuhi ukungu hukaa katikati ya mlima, ukiacha miti ya juu na ya chini, na maporomoko yanaonekana kama uzi mweupe ulioanikwa.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992 na ina kilometa za mraba 1,990. Makao yake makuu yako Mang'ula, hatua chache kutoka barabarani. Na hapa mwendesha baiskeli anakutana na sheria inayofafanua mzunguko wote: ndani ya hifadhi hakuna barabara. Ni hifadhi ya miguu. Unalipa kiingilio, cha raia kikiwa tofauti na cha mgeni, unapewa mwongozaji, na baiskeli unaiacha getini. Njia fupi inakwenda kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyefika hifadhi ilipozinduliwa. Ndefu na maarufu ni ya Sanje, kaskazini kidogo, ambako maji yanaanguka kwa jumla ya meta 170. Mtu aliyefika Mang'ula saa nne asubuhi ataweza ile fupi siku hiyo hiyo. Sanje inahitaji siku yake.

Wanyama wa msitu huu wengine hawaonekani popote pengine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye kichwa chenye nywele nyekundu kama aliyepaka hina, hushuka hadi ukingoni na unaweza kumwona bila kulipa senti, ukiwa umesimama barabarani na mguu mmoja chini. Kisa ninachokipenda ni cha ngolaga. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wakichunguza nyani na kima wa msitu wa Mwanihana, juu ya Sanje, waliposikia mlio wasioutambua. Mwenyeji waliyekuwa naye aliutambua papo hapo: ngolaga huyo. Sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika mnyama huyo, na ilipomwandika ikamwita kwa jina la kijiji cha Sanje. Vitabu husema "aligunduliwa 1979". Wazee wa Sanje wana haki ya kutabasamu.

Ukingo wa msitu una historia yake ya kugombaniwa, na baiskeli imo ndani yake. Hifadhi ilipoanza, wanavijiji wa jirani waliendelea kuruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Asubuhi ya siku hiyo barabara ilijaa kina mama, na alasiri ilijaa baiskeli zilizolemewa. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa. Hoja ya wahifadhi ilikuwa nzito: msitu wa chini ulikuwa unakondeshwa, miti michanga inakatwa pamoja na mikavu. Hoja ya mama mwenye sufuria nayo haikuwa nyepesi. Miti iliyopandwa nyumbani na mashambani imepunguza makali, ila ukikaa kwenye genge la chai Mang'ula na kutaja kuni, mazungumzo hayataisha upesi. Mimi nimeona hoja zote mbili zikisemwa na mtu mmoja, mlinzi wa zamani wa msitu, ambaye mke wake anapika kwa kuni.

Tembo nao wana upande wao. Mang'ula, upande wa Kanyenja, ndiko ulikobaki ushoroba wa kuunganisha Udzungwa na Nyerere, na barabara ilipowekwa lami wanyama hao walijengewa pito la chini, ili wao wapite chini na magari yapite juu. Ni kazi ya kwanza ya namna yake nchini. Baadhi ya wakulima wa eneo hilo huzungushia mashamba waya uliotundikwa mizinga ya nyuki: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na tembo, pamoja na ukubwa wake wote, hana subira na nyuki. Kwa mpanda baiskeli somo la kipande hiki ni la saa. Giza likiingia usiwe barabarani. Ukiona kinyesi kibichi cha tembo kwenye lami, simama, sikiliza, waulize watu wa nyumba ya karibu kabla hujaendelea.

Mwenye siku ya ziada anaweza kusogea kaskazini zaidi, kwenye mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha Kilombero, kile cha sukari ya "Bwana Sukari". Msimu wa kuvuna miwa huchomwa moto kwanza, na majivu meusi membamba huelea hadi kwenye chai yako. Katikati ya miwa na reli upo Magombera, msitu wa tambarare uliosalia kama kisiwa, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia 2019. Kinyonga mmoja wa msitu huo aliingia kwenye vitabu vya sayansi 2009 kwa njia ya ajabu: mtafiti Andrew Marshall alimkuta nyoka akimla, nyoka akashtuka akamwachia, na kinyonga aliyedondoka akawa wa aina isiyojulikana. Nina hakika nyoka hakupewa shukrani yoyote.

Njia ya kurudi ndiyo inayoufanya mwendo huu kuwa mzunguko. Badala ya kurudi kwa lami, unashuka Mang'ula kuelekea reli ya TAZARA. Reli hii ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na Mang'ula ilikuwa kambi na karakana kubwa ya kazi hiyo. Kwa watu wa bonde, reli haikuwa ya shaba ya Zambia peke yake. Treni ya vijijini waliyoiita "kipisi" ilikuwa inabeba ndizi, mpunga, dagaa na wafanyabiashara wadogo kutoka stesheni hadi stesheni, na baiskeli ndizo zilizokuwa zikikusanya mzigo kutoka shambani hadi jukwaani. Vijiji vingi vilijipanga upya kwa kufuata stesheni. Ndiyo maana njia za baiskeli upande huu zimenyooka kuelekea reli kama mito inavyoelekea Kilombero.

Fuata njia za vijiji zilizo jirani na reli. Usipande kwenye tuta lenyewe. Kokoto zake zitaharibu rimu, na madaraja ya reli hayana mahali pa kukwepea. Njia inapoishia mtoni, uliza. Mara nyingi kuna kivuko cha magogo meta mia mbili juu au chini, na pasipo nacho itabidi urudi lami kwa kilometa chache. Hakuna aibu. Uliza kwa heshima ya hapa, shikamoo kwanza na habari za nyumbani baadaye, na mzee atakuelekeza hadi kwenye mti wa kugeukia. Ukimrukia na "Ifakara wapi?" atakuonyesha kwa kidevu.

Upande huu udongo unabadilika. Karibu na mlima ni wa kichanga, mito imeushusha, na unapitisha maji. Ukiteremka unaingia kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, ule unaopendwa na mpunga. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza tairi nyembamba. Baada ya mvua hata ndogo hugeuka gundi. Nilijifunza hili nikiwa na haraka. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu la mbele likagoma kuzunguka, nikalivuta, likakaza zaidi, nikabeba baiskeli begani, na kila hatua viatu vikaongezeka kilo. Kijana aliyenipita akisukuma yake na debe la samaki alisimama, akachomoa kijiti bapa kilichochomekwa chini ya kiti, akachokonoa tope kwa mikwaruzo minne, akanipa kijiti. Kisha akanionyesha yake: madigadi alishayafungua tangu mvua za kwanza.

Kwa hiyo msimu. Mwezi wa sita hadi wa kumi ndio wakati wake. Juni na Julai kuna ubaridi kidogo alfajiri, Oktoba joto linapanda na mashamba yanachomwa. Masika, Machi hadi Mei, sehemu ya pili ya mzunguko iko majini. Mto Lumemo unaopita jirani na Ifakara huacha kingo zake bila kubisha hodi, na mwaka 2024 mji ulipata mafuriko makubwa. Maji hayo yote yanaishia Kilombero, mto unaochangia karibu theluthi mbili ya maji ya Rufiji. Masika bakia kwenye lami, nenda na urudi kwa njia moja, na mlima utauona vizuri zaidi maana maporomoko yamejaa.

Vitu vya kubeba ni vichache: lita tatu za maji, pampu, tyubu ya akiba, spana ya kufungulia gurudumu, kijiti. Viraka si lazima, maana fundi yuko chini ya mwembe karibu kila kijiji. Anavua tairi kwa vijiko viwili, anapuliza tyubu na kuipitisha kwenye beseni la maji hadi vipovu vionyeshe tundu, anaikwaruza kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, anapaka gundi na kuipepea kwa kiganja, ndipo anabandika kiraka alichokikata kwenye tyubu ya marehemu. Dakika kumi, pamoja na habari za kijiji. Dawa ya mbu iwemo pia. Bonde hili ndilo lililoifanya Ifakara ijulikane duniani kwa utafiti wa malaria tangu Waswisi walipofungua maabara yao 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mbu hawajasoma makala za utafiti huo.

Waliobakiwa na nguvu siku ya tatu huelekea kusini, wapite mjini hadi daraja la Kilombero, meta 384, lililofunguliwa 2018. Kabla yake baiskeli zilivuka kwa kivuko au mtumbwi, na Januari 2016 kivuko kilizama. Kutoka darajani unaona tambarare ya mafuriko iliyotambuliwa na Mkataba wa Ramsar 2002, makao makubwa ya swala aitwaye sheshe. Ng'ambo, Ulanga, kuna mashamba ya mitiki iliyopandwa kwa mistari: msitu wa kuvunwa, ambao kiangazi hudondosha majani makubwa yanayolia chini ya tairi kama karatasi.

Unaporudi Kibaoni jua likiwa limeelemea magharibi, barabara imejaa wanaotoka shamba. Niliegesha kwa fundi kaza-spoki karibu na njia panda, vumbi hadi kwenye nyusi. Akaitazama keria tupu, akanitazama mimi.

"Umetoka wapi, kaka?"

"Mang'ula."

"Na mzigo umeuacha wapi?"